Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, mwanamke mgeni alipiga magoti kando ya kaburi, akaitazama dira.

Machibya alimchungulia kupitia uzio wa minyaa. Mtu anayepiga magoti kaburini ama anasali ama analia. Huyu alikuwa anaandika.

Alikuwa amefika kijijini Sapiwi kwa bodaboda, akasalimia "Mwangaluka" kwa Kisukuma chenye lafudhi ya kitabuni, akajitaja kuwa Stephania, mtaalamu wa historia. Kisha akatoa futi ya kamba. Machibya, ambaye maisha yalimpiga mpaka yakachoka yenyewe, alijua jambo moja: wa historia huja na maswali, anayekuja na futi huondoka na shamba. Mwaka juzi kijiji cha jirani walipimwa hivyohivyo, kwa tabasamu na peremende za watoto. Sasa wanaomba pa kulima.

Yeye alikuwa na ekari kumi na saba za pamba, na karatasi hata moja hakuwa nayo.

Alimwuliza mgeni kazi hii ni ya nini.

"Nikikwambia, babu, utaniambia ninachotaka kusikia," Stephania alijibu. "Mimi nataka unachokijua."

Jibu la mwizi aliyesoma, Machibya akawaza.

Mwanamke akafunua picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Akaizungusha mpaka kaskazini yake ikalala kaskazini, akaweka kidole juu ya duara la minyaa. Machibya akamwuliza kama hiyo ndege iliwaona na watu wa boma hilo.

"Picha inaonyesha boma lilikuwapo. Haionyeshi la nani. Hilo liko mdomoni mwako."

Kumbe. Machibya akacheka moyoni. Zamani mtoza kodi alipofika kwao, baba yake aliapa kuwa zizi zima ni la jirani, na mtoza kodi akaondoka na kuku mmoja. Elimu hiyo haina cheti, lakini haisahauliki.

Stephania akawasha kinasa sauti, akauliza walihamia hapa wakati wa njaa ipi. Aliyeng'oa kisiki cha kwanza alikuwa babu yake Machibya, kabla ya kila njaa anayoikumbuka. Machibya akasema wamekuja juzi tu, mwaka wa Elinino.

Na kaburi, ni la nani?

"Silijui. Tulilikuta."

Kabula, mkewe, aliyekuwa akipepeta mtama, aliweka ungo chini. Aliyelala pale alikuwa baba mkwe wake. Uji wake wa mwisho aliupika yeye.

"Na shamba?"

"La jirani, Luhende. Mimi amenikaribisha tu."

Stephania alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Mara mbili Machibya akajibu bila kupepesa. Akasomewa maneno yake yote, akatia dole gumba. Mgeni akaikunja futi polepole kama anayetoka msibani, na Machibya akafurahi: mwindaji anarudi na mkoba mtupu.

Vumbi la bodaboda lilipotulia, Kabula alisema kwa sauti ya chini, "Leo umemkana baba yako mchana kweupe."

"Baba angenipongeza. Wakapime kwa Luhende huko."

Simu ikaita. Alikuwa binti yao Milembe, karani huko Bariadi mjini.

"Baba, nakutafuta tangu jana, mtandao unasumbua. Baraza la ardhi linakutumia dada mmoja wa historia, na haruhusiwi kukwambia kaja kwa nini. Mweleze ukweli tu, usihofu. Luhende amefungua shauri, ila hana hata shahidi mmoja kwamba shamba ni lake na wewe alikukaribisha tu."