Vibanio vya Koti

Koti la kusomea habari lilikuwa moja tu, la buluu, tangu kituo cha televisheni kilipoanza kurusha picha. Lilishonwa kwa kipimo cha mwanamume mnene, basi Bi. Rehani, msomaji wa kwanza, alilibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa miaka kumi na tisa mji mzima ulimwona amependeza, maana kamera haikuwahi kumwona mgongo.

Jioni hiyo alikuta koti limevaliwa na msichana asiyemjua.

"Watazamaji wanataka sura mpya, dada," alisema Bwana Kitwana, mkuu wa kituo, huku akitazama saa yake. "Huyu ni Salvina. Mwelekeze. Nani anaijua kazi hii kama wewe?"

"Anaanza lini?"

"Leo. Zimebaki dakika nne."

Koti lilimpwaya msichana.

"Shikamoo, mama," alinong'ona. "Nilijifunza kusoma kwa kukuiga wewe."

Bi. Rehani alitaka kumchukia, akashindwa.

"Marahaba. Simama wima." Akapita nyuma yake, akavuta kitambaa, akabana kibanio kimoja baada ya kingine. "Usiegemee kiti, vitakuchoma."

Taa nyekundu ikawaka. Salvina akawasalimu watazamaji, na koti likamkaa kama alizaliwa nalo.

Nyuma ya kamera, Bi. Rehani alikuwa akichezesha midomo, akisoma naye kila neno bila sauti. Kilikuwa kimebaki kibanio kimoja. Akakibana kwenye kidole chake, akakiacha hapo.