Kengele ya Kikombe

"Leo tunajifunza wizi wa ubunifu," mwalimu alisema, akainua kikombe chenye kengele inayolia chai ikikaribia kujaa.

Msichana wa dawati la mbele akatabasamu. Alikibuni kwa ajili ya bibi yake asiyeona, na muhula uliopita alimkabidhi mwalimu mchoro wake amsajilie.

Mwalimu akabandika ubaoni cheti cha usajili wa kikombe hicho, macho makavu. Jina lilikuwa la mwalimu. Mchoro uliokuwamo ulikuwa uleule wa msichana, na pembeni ilibaki alama ya wino ya dole gumba lake, imekatwa katikati na kovu.

"Huyu mwenzenu ameniibia. Simama, mwanangu, uombe radhi."

Msichana akalificha dole gumba lake lenye kovu ndani ya ngumi.

"Samahani, mwalimu."

"Kwa sauti! Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia.

"Haya, mpigieni makofi. Amejifunza."