Tisa ya Penseli

Mzee Shebughe ndiye aliyemfundisha Nyamvula kupima vijana wa mpira wa magongo. Usiufuate mpira, alimwambia miaka hiyo. Mtazame asiye nao. Na alama ziandike kwa penseli, mwanangu, maana mtoto hubadilika hata dakika ya mwisho.

Kwa siku nne za mashindano ya mataifa, Nyamvula alimtazama beki nambari kumi na nne, binti mkimya aliyeziba kila upenyo kabla wapinzani hawajauona. Akampa tisa, akatia saini, akamkabidhi karatasi Mzee, ambaye sasa ndiye mkuu wa wapimaji.

Alasiri orodha ya waliochaguliwa ikabandikwa ukutani. Kumi na nne hakuwemo. Alikuwemo mshambuliaji aliyehema kama mgonjwa kila kipindi cha pili. Mjukuu wa Mzee, huyo.

Nyamvula akaenda kuidai karatasi yake. Saini ilikuwa ileile. Lakini penye tisa palikuwa na nne, na chini ya nne kivuli cha tisa hakijafutika vizuri.

"Mzee wangu, nne hii kaiandika nani?"

"Si nilikwambia mtoto hubadilika?" alijibu kwa uso mkavu, huku akipangusa chembe za kifutio kwenye mkono wa sweta lake.

Nyamvula akatoka na karatasi. Mlangoni yule beki, kumi na nne, alikuwa amechuchumaa, akizungushia gongo lake utepe mpya.

"Shikamoo, mwalimu. Naogopa kwenda kusoma ukutani. Jina langu limo?"

"Marahaba, mama," alisema Nyamvula. "Una kalamu ya wino?"