Kanda ya Pili

Mtangazaji wa redio alimfuata Bi Mwanaidi nyumbani, amuulize ni mpiga gita yupi wa zile bendi za jazz za zamani anayempenda kuliko wote. Alimwekea kanda tatu bila kutaja majina. Mumewe, Mzee Shomvi, aliyepiga gita la solo katika bendi hizo miaka ishirini, alikaa kando akitabasamu.

"Huyu wa pili," alisema Bi Mwanaidi.

Mtangazaji alikohoa kidogo. "Mama, mzee ni yule wa kwanza."

"Namjua mume wangu. Wewe umeniuliza habari za gita."

Tabasamu la Mzee Shomvi lilipotea. Alivuta kiti chake karibu na spika.

"Irudishe," alisema. "Nataka kusikia anachokisikia."

Kanda ilipoanza, vidole vyake vilizitafuta noti taratibu juu ya goti.