Uchovu wa Nyumba

Siku hizi uchovu wa nyumba hugawanywa sawasawa kwa kila aliyeandikishwa humo. Raya hufua, hupika, hudeki, na jioni bangili yake ikilia, mzigo humtoka mabegani kama mvuke, nusu yake ikamwangukia mumewe, Shamte, aliyeshinda barazani.

Jana mtoto wao alitimiza arobaini, naye akaandikishwa. Raya aliwapikia wageni wote pilau peke yake, lakini bangili ilipolia alijiona mwepesi ajabu, kama anaelea.

“Mama Salha, mwanao katulia leo,” alisema Shamte. “Hata mimi sijachoka sana.”

Raya aliinama kitandani. Salha alikuwa macho, kimya. Kisha akashusha pumzi ndefu, ileile aliyokuwa akiishusha Raya kila jioni kabla ya bangili.