Chupa ya Jongoo Bahari

Siku ya tatu baada ya maziko, mabinti wawili wa Mwalimu Shekue waliingia katika chumba alimohifadhi wanyama wa baharini ndani ya chupa, ili wazipange kabla chuo hakijaja kuzichukua. Msibani, Mwanaheri alikuwa amemtambulisha Tunu kuwa mwanafunzi wa marehemu, ingawa mji mzima ulijua kwamba ni binti aliyezaliwa nje ya ndoa. Tunu hakupinga.

Rafu ya juu ilikuwa ya minyoo, na ya chini ilikuwa ya viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota. Tunu akaishusha hadi rafu ya chini chupa ya jongoo bahari ambayo Mwanaheri alikuwa ameiweka juu.

“Mwanafunzi gani wewe!” Mwanaheri alimcheka. “Huyo si mnyoo huyo? Mtazame, laini kama utumbo.”

“Si mnyoo. Yeye na kiti cha pweza ni wa ukoo mmoja. Kwa nje hawafanani kabisa, lakini ukimpasua utaukuta mwili wake umegawanyika sehemu tano, kama wa nduguye.”

“Nani kakwambia?”

“Baba yetu,” Tunu alisema.

Kicheko kilikatika. Mwanaheri aliitwaa chupa, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake.

“Mimi hakuniingiza humu hata siku moja,” alisema kwa sauti ndogo.

Akabaki amesimama mbele ya rafu, chupa kifuani, na jongoo akiyumbayumba ndani ya dawa, hajawekwa popote.