Kiti cha Wateja

Siku zote mama yake akija ofisini huzunguka meza na hotpoti ya wali, akakaa upande wa Ibtisam, wakala pamoja. Leo alikuja mikono mitupu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wakili. Nimesubiri Idi ipite. Nataka unidaie talaka kwa baba yako."

Wanawake wa Fukayosi na Chalinze waliowahi kukikalia kiti kile walisokota pindo za khanga wakati wote wa maongezi. Mikono ya mama ilitulia juu ya mkoba, hina ya sikukuu haijafifia.

Kwa kila mteja wa talaka Ibtisam alikuwa na utaratibu mmoja: maji kwanza, kisha swali moja, maana jibu lake ndilo lililomwonyesha kama mtu ameshaamua au ana hasira tu.

Akamimina maji. Mama akanywa yote, akairudisha glasi mezani taratibu.

Ibtisam akashika kalamu.

"Watoto wanajua?"

Mama akamtazama usoni.

"Mmoja. Ndiyo kwanza amejua."